Baba Yangu Atacheza Hapa Nje

Sisi tuliokulia Kitengela kabla ya mageti tulicheza chini, kwenye vumbi na kwenye nyasi, na hakuna mtu aliyewahi kututumia onyo. Nasema hivyo kwa sababu mwezi huu mimi nimetumiwa. Lilikuja kwenye grupu ya simu ya korti yetu, hizi nyumba zilizozungushiwa ukuta mmoja, geti moja na askari mmoja mwenye usingizi. Mwenyekiti aliandika kwa adabu zote kwamba mwenye nyumba fulani aondoe ule mchezo kwenye nyasi ya pamoja, kwa sababu nyasi ni ya kupendezesha mazingira. Mwenye nyumba fulani ni mimi. Mchezo ni wa baba yangu. Kabla sijawaambia nilimjibu nini, nyinyi wa rika langu mliokula vumbi la barabara ya Namanga pamoja nami, kaeni kwanza niwakumbushe nyasi ilikuwa ya nini.

Nyasi ilikuwa ya ng'ombe, basi. Haikupandwa, haikukatwa, haikumwagiwa maji ya mfereji. Ilikuja na mvua ikaondoka na kiangazi, na sisi watoto tuliipata ikiwa imeshaliwa mpaka shinani. Kutoka mlangoni kwetu uliona vilima vya Ngong bila ghorofa hata moja kukukatia, na miezi mingine nyumbu walipita huko nyuma ya choo wakielekea mtoni kama watu wanaoenda sokoni. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikushika viatu mpaka ukafika shuleni ukiwa mrefu kuliko mwalimu. Jua likiwaka, ulipasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Mkisikia leo watu wanaita Kitengela "mazingira tulivu ya familia", jueni hao hawajawahi kuacha kiatu kwenye tope wakaenda mtihani na soksi.

Baba yangu aliuza chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe huko Bisil. Jumatatu aliondoka kabla hatujaamka, Jumamosi jioni akarudi na harufu ya dawa imemwingia mpaka kwenye ukosi wa shati. Jumapili baada ya kanisa aliweka kiti chake kwenye kivuli cha nyumba, akajifunika uso na kofia, akalala. Mimi na kaka yangu Mwangi tulitembea kwa vidole. Ukikohoa tu, Mama anakukata jicho. Lakini Mama mwenyewe alikuwa amechoka na huo usingizi, na Jumapili moja alisimama mbele ya kiti na sufuria mkononi akasema bila kupunguza sauti, "Baba Mwangi, hapa si lojing'i ya kulala na kuondoka. Hawa watoto wanakijua kiatu chako kuliko uso wako."

Nilidhani nyumba itaanguka. Baba alitoa kofia, akatuangalia, akaangalia uwanja. Sijui aliona nini pale, maana hapakuwa na kitu ila kuku na kamba ya nguo. Akasema, "Mwangi, lete ule mpira uliopasuka."

Mpira wenyewe ulikuwa wa plastiki, na mwiba wa mgunga ulikuwa umeumaliza siku ileile ulipoingia nyumbani, kama ilivyo desturi ya mipira na miiba ya kwetu. Baba aliukata tundu juu, akaujaza saruji iliyobaki tulipojenga choo, akaushindilia na mchanga na kuuweka juu ya pete ya matambara usibonyee. Wiki nzima tulikaa tukiulinda. Hakuna mtoto wa siku hizi anayeweza kulinda kitu wiki nzima. Simu ikikawia kufunguka anasema imekufa. Jumamosi Baba aliporudi alichuna ile plastiki kwa kisu, na ndani likatoka jiwe la mviringo, la kijivu, baridi, zito la kukuvuta bega. Upande mmoja lilikuwa na kitambi kidogo, kwa hivyo ukilibingirisha liliinama kushoto bila kukuuliza. Tuliliita Jiwe, na hakuna aliyelitafutia jina zuri zaidi.

Sasa, Jiwe linabingirikia wapi? Tulilitupa mara ya kwanza likaingia kwenye ufa, likakwama, na Mwangi akalala kifudifudi kulichokoa. Aliyetuokoa ni Mama Naserian, mke wa Mzee Parsaloi, jirani yetu Mmaasai ambaye ng'ombe wake walipita kando ya uwanja wetu asubuhi na jioni. Alisimama akatuangalia tukihangaika. "Takwenya," akatusalimu. "Iko," tukajibu. Halafu akacheka mpaka shanga zikalia, akamwambia Baba, "Wewe unauza dawa ya ng'ombe na hujui kazi ya mavi yake?" Jumapili iliyofuata alitufundisha kukanda mavi mabichi na jivu na udongo, vile wanavyokandika nyumba zao, tukaziba nyufa na kulainisha njia nzima kwa viganja. Mikono ilinuka siku kadhaa. Mama alitukatalia kugusa unga, na sisi tukafurahi sana kukataliwa kazi. Njia ilipokauka ilikuwa ngumu na laini, na Jiwe lilipita juu yake likinguruma, mngurumo ambao hadi leo nikiukumbuka nasikia raha kwenye tumbo.

Vilibaki vigingi vya kuangushwa na Jiwe, na hapo ndipo familia yetu ilifanya ujinga wake mkubwa. Baba alikuwa na vipande vya chumvi vilivyovunjika njiani, yale matofali mekundu ya kulambwa na mifugo, ambayo mteja hayataki yakishavunjika. Alivichonga kwa panga vikawa vigingi safi kabisa, vinene chini, vyembamba juu. Mama aliuliza swali moja tu. "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wanajua njia ya kwao," Baba akasema. Na huyu ni mtu aliyelishwa na ulimi wa ng'ombe maisha yake yote!

Jioni hiyohiyo ng'ombe wa Mzee Parsaloi walikuwa wanarudi polepole, kengele zikilia, na yule wa mbele akasimama. Akanyanyua pua. Ua letu lilikuwa la miiba michache yenye mapengo, na wakaingia wote kama wageni walioalikwa. Mama alitoka na mwiko akipiga kelele, Mwangi akapanda juu ya tangi la maji, mimi nikabaki nimeshika Jiwe kifuani kana kwamba litanisaidia. Walilamba vigingi mpaka vikabaki kama vipande vya sabuni mwisho wa mwezi. Wakalamba na njia yenyewe, wakaikanyaga, wakaacha juu yake mavi mengine mapya. Asubuhi wakarudi. Jioni wakarudi tena. Mzee Parsaloi aliwachapa, akawaimbia, akawatukana, wapi. Wakifika kwetu miguu inagoma.

Jumapili akaja, blanketi begani na rungu mkononi. Baba alikuwa na sepetu anafukua njia iliyoharibika, na hasira zake za wiki nzima zilikuwa tayari.

"Baba Mwangi, umenilaghai ng'ombe," Mzee Parsaloi akasema. "Sasa hawataki kwenda kwangu. Wanataka kulala kwako."

"Na wewe umenilia mchezo wa watoto!"

"Sijala mimi. Ni ng'ombe."

"Kwani ng'ombe ni wa nani?"

Maneno yakapanda. Yakatoka kwenye chumvi yakaingia kwenye ua, yakatoka kwenye ua yakaingia kwenye nani alimkuta nani hapa, na hapo hata mtoto alijua tumefika pabaya. Niliogopa vibaya sana. Kilichonichoma hata zaidi ya rungu ni kwamba Baba angesema basi, mchezo umeisha, arudi kwenye kiti na kofia. Mama Naserian alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Akainama, akang'oa nyasi kidogo iliyobaki chini ya ua, akaja katikati yao akainyanyua juu. Kwa Wamaasai, aliyeshika nyasi anaomba amani, na ukimpita ukapiga umejilaani, kwa sababu nyasi ndiyo uhai wa ng'ombe na ng'ombe ndiye uhai wa watu. Mzee Parsaloi akashusha rungu. Baba alikuwa amekaa Bisil miaka, alijua. Akatupa sepetu chini akapangusa uso. Mama akasema chai iko tayari.

Mimi na Mwangi tulijifunza haraka. Mama aliposhika fimbo tukakimbilia nje tukang'oa nyasi na kuinyanyua mpaka mbinguni. Akatuchapa tukiwa nayo mkononi. "Hiyo ni amani ya Wamaasai," alisema. "Nyinyi mko na mama Mkikuyu."

Baada ya chai ile Mzee Parsaloi alituchongea vigingi vipya vya oloirien, ule mti mgumu wanaokatia rungu, na hakuna ng'ombe aliyevitamani. Ua tukaliziba sote. Na Jumapili zikawa Jumapili. Mama alichemsha githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa, Halima wa nyumba ya pili, ambaye baba yake alinunua mbuzi mpaka Wajir, alikuja na anjera, zile chapati laini za Kisomali, za moto kwenye kitambaa, na watoto wa Parsaloi walileta maziwa yenye harufu ya moshi. Halima alitushinda sote. Alikuwa anakunja buibui kiunoni, anafumba jicho moja, na Jiwe likainama pale alipotaka yeye. Mzee Parsaloi alikataa kuinama, alirusha akiwa wima, na vumbi likatufunika. Baba alikuwa mwizi mtupu. Alisogeza mguu mbele ya mstari kila mara, na ukimwambia anakuuliza, "Mstari alichora nani?" Lakini alicheka. Jamani, baba yangu alikuwa na jino la pembeni lililovunjika ambalo sikulijua mpaka mchezo ule ulipomfungua mdomo.

Nimeyasema yote hayo kwa sababu ya mtu mmoja. Mama alipougua tuliuza kile kiwanja, na alipotutoka nilimleta Baba kwangu, hapa kortini. Nilimpa chumba kizuri chenye jua. Akakaa kwenye kochi mbele ya televisheni, na baada ya muda niligundua hata haangalii, maana ilizimika stima na yeye akaendelea kukaa vilevile. Chakula anarudisha nusu. Mimi ananiita Maitu, mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na jina lenyewe likaanza kupotea mdomoni mwake. Siku moja nilimwambia, "Baba, toka basi hata uote jua." Akaniuliza, "Nje kuna nini?" Nilikwenda jikoni nikalia juu ya sinki. Nilikuwa nampoteza huku namwona.

Nilipomaliza kulia nilinunua mpira wa plastiki.

Binti yangu Shiru ana miaka kumi na sita na alinikuta nikiujaza saruji nyuma ya nyumba. "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kuliko yeye. "Si kuna game ya hiyo kwa simu? Unadownload tu." Nikamwambia babu yake hajalelewa na kidole gumba. Alicheka, lakini alikaa. Alishika mpira usibonyee, kucha zake ndefu za kubandika zikaingia saruji, na hakulalamika sana. Fundi wa mbao pale barabarani akanichongea vigingi. Halafu tukavipanga kwenye ile nyasi ya katikati ya korti, nyasi iliyoletwa kwa lori ikiwa imekunjwa kama mkeka, na ambayo haijawahi kukanyagwa na mtu zaidi ya yule anayeikata.

Baba alitoka kwa sababu ya mngurumo. Sikumwita. Nilibingirisha nikakosa, nikabingirisha tena nikakosa, na nikasikia nyuma yangu, "Maitu, hiyo mikono umempa nani?" Akachukua jiwe. Akalishika kwa mikono yote miwili, akasogeza mguu mbele ya mstari, mwizi yule, akaangusha viwili. Siku hiyo alimaliza chakula akaomba kingine. Ndani ya wiki mbili watoto wa korti waliacha simu zao kwenye ukuta wakawa wanapanga foleni, na Shiru alikuwa anahukumu ugomvi kama chifu.

Ndipo ujumbe wa mwenyekiti ukaja.

Jumamosi tulikutana hapo uwanjani. Wenye nyumba walisimama kando kwa kubanana, kwa sababu nyasi haikanyagwi. Mwenyekiti wetu ni kijana mzuri, msomi, shati limenyooka. "Mama Shiru, hakuna ubaya," alisema. "Lakini jiwe linaumiza nyasi, na wageni wakija wanaona kama ni soko. Tuko na standard hapa."

"Nyasi inaumia?" nikamuuliza. "Ilikwambia?"

"Tusifike huko, mama."

"Tumefika. Baba yangu ana miaka zaidi ya themanini. Hakuna kitu kingine kinamtoa ndani ya hiyo nyumba. Ukitoa huu mchezo, nipe kingine."

Walinihurumia, nakiri. Wengine waliangalia viatu. Halafu wakapiga kura, mikono ikapanda, na nyasi ikanishinda. Baba alikuwa amesimama mlangoni kwetu akisikia kila kitu. Akasema kwa ile sauti ndogo, "Toa tu, Maitu. Usinigombanie." Akageuka akaingia, na nikasikia televisheni inawashwa.

Hapana. Nilikataa pale pale, moyoni na mdomoni. Mtu aliyechuna plastiki kwa kisu ili watoto wake wamjue uso, leo anyimwe futi chache za ardhi na nyasi ya kuletwa na lori? Mnione mwenda wazimu mkitaka. Nilimwambia mwenyekiti nitaondoka kwenye nyasi yake kabla ya jua kutua, na niliondoka. Jumatatu nilimleta fundi, nikamwonyesha maegesho yangu, yale matofali ya kabro mbele ya mlango wangu, ndani ya mipaka yangu, niliyonunua kwa jasho langu, nikamwambia ng'oa yote.

Fundi alidhani hajasikia. "Mama, na gari?"

"Gari halina baba."

Chini ya kabro na kifusi udongo mweusi ulikuwa bado uko. Kumbe ulikuwa hapo siku zote umetulia. Mavi ya ng'ombe nilienda kuyatafuta mpaka upande wa Isinya, nikarudi nayo kwenye buti la gari, madirisha wazi. Mimi na Shiru tulikanda na jivu, tukakandika njia kwa viganja, na majirani walipita wakifunga pua. Mwenyekiti alikuja siku ya pili akasimama ukingoni.

"Mama Shiru, sasa gari utaegesha wapi? Barabara ya ndani hairuhusiwi."

"Halitakuwa ndani."

"Utaliweka nje ya geti? Hapo hakuna usalama."

"Kijana wangu, ni chuma. Kikiibwa nitalia kidogo nipande boda."

Alitafuta sheria kwenye kichwa chake, nikamwona akiitafuta, akakosa. Akaniuliza kama huo mchezo unachezwa na watu wangapi. Nikamwambia unachezwa na wale walioko nje.

Wenzangu, enzi zetu mtu alitaka mchezo akaangalia uwanja akaanza kazi. Aliyekuja kugombana alikuwa na sababu, walikuwa ng'ombe wake, na ugomvi ukiisha alikuchongea vigingi akakaa kula. Leo tuko na ukuta, kamera na nyasi ya kuangaliwa, na imebidi nivunje mahali pa kulala gari ili mzee apate mahali pa kusimama. Inaniuma, na sitajifanya hainiumi. Watoto wetu watakumbuka nini, rangi ya geti? Lakini mtu asije kuniambia zile siku zimepita kwa hivyo nikae kimya. Zilitengenezwa kwa mikono, na mimi mikono niko nayo.

Gari langu liko nje ya geti linanyeshewa, na juzi mbuzi wa mtu alipanda juu ya boneti. Jana saa kumi nilikuwa bado natafuta viatu vyangu nilipousikia mngurumo, halafu vigingi vikaanguka, halafu Baba akaita kwa ukali mpaka korti nzima ikasikia, "Maitu! Unakuja, ama unaogopa kushindwa?"